Dhoruba kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliteleza kwenye tuta la karoti, kule kwake Mgeta, akavunjika mguu juu kidogo ya kifundo. Walimshusha mjini siku hiyo hiyo kwenye gari la mboga, kabichi kulia, kabichi kushoto, na alipofikishwa hospitali alikuwa akizilalamikia zaidi karoti alizoziangukia kuliko mguu wenyewe. Wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, mpaka karibu na goti. Daktari akamwambia asipande mlima mpaka mfupa uunge. Basi akaletwa kwetu Mazimbu, kwenye nyumba ya vyumba viwili tunayopanga mimi na mke wangu, akakalishwa kwenye kochi kubwa la sebuleni, mguu juu ya stuli. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Utotoni nilimwona baba yangu akiacha njia na kukatiza katikati ya mahindi ili tu asikutane uso kwa uso na bibi mzaa mama. Mimi mwenyewe sikuwa mkali wa mila kiasi hicho. Nimesoma, nafanya kazi maktaba ya chuo, na mke niliyemwoa ni Mluguru ambaye kwao mambo hayo hawayakuzi sana. Lakini malezi hayatoki mwilini kirahisi. Tangu tufunge ndoa, mama mkwe nilikuwa nimemwambia maneno ya aina tatu tu: shikamoo, habari za huko juu, na asante. Sasa alikuwa amekaa kwenye kochi langu, ametazama mlango wangu.

Ratiba yangu ya kazi ilikuwa inaisha mchana. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi jioni. Kwa hiyo kila mchana nilifungua mlango, nikasimama pale pale kwenye kapeti la kufutia miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umerudi?"

"Nimerudi, mama."

Mazungumzo yakawa yameisha. Nilipita upesi kama mtu aliyesahau kitu jikoni, nikatokea uani, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kitabu mkononi, jua likinichoma utosi. Jirani yetu aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta aliniona siku ya kwanza, akaniona ya pili, mwishoni akashindwa kuvumilia.

"Shemeji, kwema? Umefukuzwa ndani?"

"Kwema tu. Napunga upepo."

Upepo wenyewe haukuwepo. Wanaoijua Morogoro kabla ya mvua wanajua nilikuwa nasema uongo.

Kulikuwa na jambo jingine lililotuminya, nalo ni mchezo wetu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikwenda kusoma nje, na aliporudi likizo alituletea zawadi. Mimi nilitegemea viatu. Akatoa boksi lenye picha ya milima iliyojaa theluji, ndani yake kadi tu, mamia ya kadi, na kijitabu cha maelekezo. Nilitabasamu kwa adabu. Siku chache baadaye nilikuwa nalala nikiota kadi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mnajenga mji mlimani kwenye baridi. Kila mchezaji anaanza na fungu dogo la kadi dhaifu, sawasawa na la mwenzake: kuni mbichi na vibanda vya nyasi. Kuni ndiyo pesa ya mchezo. Kila zamu unavuta kadi tano, na kwa kuni ulizopata unanunua kadi bora zilizopangwa katikati ya meza: kuni kavu, mpishi, mbuzi wa maziwa, daraja, mwongoza njia. Uliyoinunua inaingia kwenye fungu lako. Fungu likiisha unalichanga upya, na kuanzia hapo zile kadi nzuri zinaanza kukujia mkononi. Yaani unalilea fungu lako, linakua, linapata tabia. Mwishoni anayemiliki nyumba nyingi zaidi za mawe ndiye mshindi.

Raha iko pale fungu linapokubali. Unacheza mwongoza njia, anakuruhusu kuvuta kadi mbili, mojawapo ni mwongoza njia mwingine, naye anakuletea mpishi, mpishi anamwita mbuzi, mbuzi anakurudishia kuni, na mkono wako unazidi kujaa badala ya kupungua. Mwenzako amekaa anakutazama tu. "Bado hujamaliza?" anauliza. Hujamaliza. Mimi nimekulia kwenye drafti na bao, na sijawahi kuona mchezo unaokufanya utake kusimama na kukimbia kidogo ndani ya nyumba. Nimewahi kukimbia kidogo ndani ya nyumba.

Kuna pia kadi za ubaya. Mbaya kuliko zote ni Dhoruba. Ukiicheza, wenzako wote wanatupa kadi mbili kutoka mkononi, wapende wasipende. Mke wangu alikuwa mtu wa Dhoruba. Mwanamke mpole, watoto wa darasa la pili wanampenda, lakini ukimpa Dhoruba anabadilika sura.

Sasa mama yake alipokuja, mke wangu alilichukua boksi na kulificha kabatini chini ya mashuka.

"Kwa mama karata ni kamari," akaniambia. "Kule kwetu wanaocheza karata ni wale wa kilabu cha pombe. Akiona hizi, Jumapili inayofuata padre ataambiwa."

"Hizi si karata. Ni kadi."

"Mwambie wewe basi."

Nisingeweza kumwambia. Nilikuwa na maneno matatu tu.

Tukavumilia kadiri tulivyoweza, kisha tukashindwa. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, mama mkwe akiwa amesinzia kochini, tuliingia chumbani, tukarudishia mlango, tukatandaza kadi juu ya kitanda. Tulicheza kwa kunong'ona. Mke wangu akapata mkono wa ajabu, waongoza njia watatu mfululizo, akaanza kucheka, akaukandamiza uso kwenye mto ili asisikike. Kumwona anatikisika vile na mimi nikashindwa kujizuia. Nikapiga godoro kwa kiganja. Kadi zikaruka.

Kwenye mlango tukasikia gongo. Ngo, ngo.

"Nyie. Kuna nini humo?"

Kabla hatujajibu mlango ulifunguka. Mama mkwe alisimama kwenye magongo yake, hogo limening'inia, akatazama kitanda. Kadi zilikuwa kila mahali. Mimi nilikuwa nimeshasimama na kugeukia kabati la nguo, kwa sababu mama mkwe alikuwa mlangoni, dirisha lina nondo, na kwingine kwa kwenda hakukuwepo. Nilibaki hivyo, nimetazama mlango wa kabati kwa heshima zote.

"Hizi ni karata?" akauliza.

"Ni kadi, mama," mke wangu akajibu. "Za mchezo tu. Hazina pesa."

"Hakuna pesa?"

"Hakuna."

"Anayeshinda anapewa nini?"

"Hapewi kitu."

"Sasa mlikuwa mnacheka nini?"

Mke wangu akaanza kueleza, akachanganya, akaanza tena. Nikasikia magongo yakiingia ndani, kisha nikasikia kitanda kikilia. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi juu ya kitanda chetu. Kwa mtu wa Shinyanga hilo ni jambo ambalo hata kulisimulia nasita. Shingo yangu iliingia mabegani. Nikasema nikiwa bado nimetazama kabati:

"Mama, naomba tuhamie sebuleni."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kamili kwake.

Tulihamia sebuleni. Meza ya kahawa ikaondolewa kitambaa, kadi zikapangwa upya, na mama mkwe akasema atatazama tu. Alitazama mchezo mmoja mzima mikono imekunjwa. Kadi zote zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo mke wangu alimtafsiria moja moja, na mama mkwe akazitolea maoni. Alipenda mbuzi. Mpishi alimwona mvivu, kwa sababu kwenye picha alikuwa amekaa. Theluji aliiangalia kwa muda mrefu.

"Hawa wanalima nini humu?" akauliza.

"Hawalimi, mama. Ni theluji tu."

"Basi mbuzi anakula nini?"

Mchezo wa pili akasema apewe na yeye fungu lake, aone.

Tukaingia kwenye matatizo mara moja. Kwenye mchezo huu ni busara kuzichoma zile kuni mbichi za mwanzo, yaani kuzitoa kabisa kwenye fungu lako, ili zisiwe zinakujia mkononi kukujazia nafasi. Nilimweleza hivyo kupitia kwa mke wangu. Mimi nilimwambia mke wangu, mke wangu akamwambia mama yake, ingawa wote tulikaa meza moja.

"Mwambie mumeo," mama mkwe akasema, "kuni mbichi hazitupwi."

"Mama, siyo kuni kweli."

"Zimeandikwa nini?"

"Kuni mbichi."

"Basi zinaanikwa. Zikikauka zinafaa."

Mimi ni mtu wa maktaba. Kijitabu cha maelekezo nilikuwa nimekisoma mpaka yale maandishi madogo ya nyuma, na hakikusema popote kwamba kuni zinaanikwa. Lakini nani angembishia. Hivyo ikazaliwa sheria yetu ya kwanza ya nyumbani: kuni mbichi unaziweka pembeni ya meza, mahali palipoitwa juani, na ukishalichanga fungu lako mara moja unaruhusiwa kuzibadilisha kwa kuni kavu. Nilidhani itaharibu mchezo. Kinyume chake, ukachangamka, kila mtu akawa anaanika, na mke wangu akaongezea kwamba mvua ya Dhoruba ikishuka, kuni zilizoko juani zinalowa. Mama mkwe alikubali bila ubishi. Ilikuwa haki kabisa.

Tatizo kubwa lilikuwa Dhoruba. Mke wangu alimpiga mama yake bila huruma tangu siku ya kwanza, na mama yake akampiga yeye. Mimi sikuweza. Dhoruba inawapiga wote mezani, huwezi kuchagua, na mimi nilikuwa sina namna ya kumwambia mama mkwe atupe kadi. Nikawa nainunua ili tu mke wangu asiipate. Ikinijia mkononi nilikaa nayo hadi zamu iishe. Nikashindwa mchezo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikashindwa vibaya hadi mke wangu akakasirika.

"Huchezi kweli," akasema. "Mtu anayekuachia ushinde huyo hachezi na wewe."

"Nacheza."

"Onyesha mkono."

Nikakataa. Akanipora. Dhoruba mbili zilikuwa zimekaa pale, zote mkononi mwangu. Mama mkwe akaziona. Akanitazama, na ilikuwa mara ya kwanza kutazamana naye kwa zaidi ya kufumba na kufumbua.

"Kumbe unanihurumia," akasema.

"Hapana, mama. Ni heshima."

"Heshima." Akalifikiria hilo huku akiusogeza mguu wake wa hogo juu ya stuli. "Haya. Ukitaka kunipiga Dhoruba, niamkie kwanza. Ukishaniamkia, piga."

Mke wangu alianza kucheka hata kabla sijasimama. Nilisimama. Nikainamisha kichwa kidogo kama inavyotakiwa, mikono nyuma, kadi moja imeshikwa huko huko nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Dhoruba."

Nikaiweka mezani. Mama mkwe akachagua kadi mbili kwa utulivu, akazitupa, akasema asante. Mke wangu alikuwa chini, kwenye zulia, ameshika mbavu, hawezi kupumua. Na mimi, nikiwa nimesimama pale kama mtu wa kanisani, nilisikia kicheko kinapanda kutoka tumboni na hakuna kitu ningeweza kufanya. Nilicheka mbele ya mama mkwe wangu mpaka machozi. Naye akajaribu kukaza uso, midomo ikacheza, akashindwa. Ana mwanya. Sikuwahi kuujua.

Kuanzia siku hiyo sikukaa tena juu ya ndoo. Nikitoka kazini nilimkuta kadi ameshazipanga, kuni zimegawanywa, na mara nyingi alikuwa ameshachanga fungu langu pia ili tusipoteze muda. Tulicheza wawili mpaka mke wangu arudi. Akichoka kucheza alitazama nje ya dirisha kuelekea milima ya Uluguru, akaniambia kama kwake kunanyesha. Alijua kwa namna wingu lilivyokaa. Alinisimulia habari za njegere na za mjukuu mtundu. Nami nikamsimulia habari za Shinyanga, na jinsi baba alivyokuwa akikatiza mahindini. Hiyo ilimfurahisha hasa.

"Na bibi yako alikuwa anajua kwamba anakimbiwa?"

"Alikuwa anajua. Mara nyingine alikuwa anapita njia hiyo makusudi."

Mama mkwe akachekea ndani ya upande wa kanga.

Shemeji aliposikia kwa simu kwamba mama yake anacheza, hakuamini. Tukamtumia video. Hazikupita wiki nyingi mtu aliyekuwa anarudi nchini akatuletea mfuko kutoka kwake, ndani yake nyongeza mbili. Nyongeza ni kadi mpya za kuchanganya na zile za mwanzo, ili mchezo usiishe hamu. Ya kwanza ilileta wanyama wa porini. Ya pili ilileta watu wa mji: mhunzi, mganga wa mitishamba, mchungaji wa kondoo. Tulizifungua tukiwa tumekaa karibu karibu kama watoto wa Krismasi, tukazinusa, tukazipitisha mkono kwa mkono.

"Huyu?" mama mkwe akauliza.

"Mchungaji," mke wangu akasema.

"Mchungaji wa dhehebu gani?"

"Wa kondoo, mama. Anachunga kondoo."

"Mimi ni Mkatoliki. Kama kuna padre nitanunua."

Mke wangu akaeleza tena. Mama mkwe alielewa vizuri sana tangu mwanzo, nina hakika, lakini yule mchungaji anaitwa padre mpaka leo, na ukimcheza lazima wengine wajibu amina, la sivyo hafanyi kazi. Dubu naye, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, aligeuzwa nguruwe pori kwa sababu kazi yake kwenye kadi ni kula akiba ya jirani, na mama mkwe alisema kule kwake anamjua anayefanya kazi hiyo.

Kadi zikawa nyingi kuliko boksi. Nikaanza kuhangaika. Wanyama niliwaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, watu kwenye boksi la viatu, na vipande vidogo vya kuhesabia vilivyokuja na nyongeza vikakaa kwenye trei ya mayai, kila shimo na aina yake. Kila tukitaka kucheza ilikuwa kama kuhamisha nyumba. Hatimaye nikaenda kwa fundi seremala mmoja mjini, mtu wa makamo mwenye penseli sikioni.

"Nataka sanduku la kadi," nikamwambia. "Liwe na vyumba vyumba ndani."

Akarudi nyuma hatua moja. "Kadi za harusi?"

"Hapana."

"Kwa sababu mwezi huu nimeshachangia harusi, sendofu na kipaimara."

"Ni kadi za mchezo, fundi. Karata."

"Karata?" Uso ukafunguka. "Karata si zinakaa mfukoni?"

Ikabidi nimtolee kadi chache kwenye mfuko wa shati, nimweleze. Alisikiliza sana, akauliza maswali, na mwishoni alikuwa amekaa juu ya ubao anaitafakari kadi ya Dhoruba. Alinitengenezea sanduku la mbao za mkangazi lililopakwa vanishi, lenye vyumba vilivyotengwa kwa mbao nyembamba unazoweza kuzisogeza nyongeza zikizidi. Kifuniko kinateleza. Nililibeba kwenye bodaboda nimelikumbatia kama mtoto mchanga, dereva akaniuliza kama ndani kuna kitu hai.

Jioni hiyo nilizipanga kadi zote kwa alfabeti, kama vitabu. Kila chumba nikakibandika karatasi yenye jina. Nilitoka kwenda kazini kesho yake nikiwa mtu mwenye amani. Niliporudi, karatasi zimebanduliwa. Mama mkwe alikuwa amezipanga upya zote.

"Mama," nikasema, "zilikuwa zimeshapangwa."

"Zilikuwa zimechanganyika. Mbuzi alikuwa anakaa na mhunzi. Nimemweka mbuzi na mchungaji… na padre. Mpishi nimemweka na kuni. Hawa wabaya wote nimewaweka chumba kimoja huku mwisho, waumizane wenyewe."

"Hapana, mama," nikasema.

Neno lilitoka tu. Mke wangu, aliyekuwa amewahi kurudi siku hiyo, alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Kwetu unaweza kutozwa ng'ombe kwa jambo hilo. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na lilihusu upangaji, kitu pekee duniani ninachokijua kwa yakini. Nikaeleza kwamba kwa alfabeti mtu yeyote anaweza kupata kadi yoyote. Akasema kwa jinsi yake hata asiyejua kusoma anaipata. Nikasema je, akija mgeni? Akasema mgeni ataonyeshwa. Nikasema nguruwe pori anakaa na wanyama. Akasema nguruwe pori hawezi kukaa na mbuzi hata siku moja. Sauti zetu zilipanda. Tulikuwa tunagombana, mimi na mama mkwe wangu, kidole changu kiko hewani, gongo lake liko hewani.

Akashusha gongo. Akamgeukia mwanawe.

"Leo mkwe amenikatalia," akasema, na furaha aliyokuwa nayo usoni ningeipa jina kama ningekuwa nalo. "Sasa tumekuwa ndugu."

Sanduku lilibaki kwa mpangilio wake.

Hogo lilipokatwa, mguu ulikuwa mwembamba na mweupe wa vumbi, akaulaumu kwa uvivu. Alianza mazoezi ya kutembea uani, kisha mpaka dukani, kisha akatangaza siku ya kuondoka. Tukamfungia mizigo. Asubuhi ya safari alikuwa amekaa na sanduku mapajani, kifuniko kimefunguliwa, anatoa kadi na kuzihamishia kwenye lile kopo la maziwa.

"Hizi za mwanzo naondoka nazo," akasema. "Za nyongeza bakini nazo nyinyi, ni vijana."

"Mama," nikamweleza kwa upole, "za nyongeza hazichezeki bila za mwanzo. Hakuna kuni."

"Kwani mimi sijui?" akajibu. "Mtazifuata."

Akafunga kopo.

Kwa hiyo Jumamosi nyingi sasa tunapanda Mgeta. Gari linazunguka kona baada ya kona, joto la mjini linabaki chini, unafunga kifungo cha juu cha shati, na mimi nimekaa na sanduku la mkangazi magotini. Kule juu kuna ukungu unaoingia hadi ndani, na kadi za mwanzo zilianza kuvimba. Mama mkwe akalipandisha kopo kwenye dari ya jikoni, juu ya moto, mahali anapowekea mahindi ya mbegu. Kadi zikakauka vizuri, zikanyooka, zikawa zinanuka moshi.

Mchezaji wetu wa nne ni rafiki yake, mama mmoja wa kwaya ya misheni, mkubwa kwake kidogo kwa umri, mwenye sauti nene na shati la sufi la kijani. Alijifunza haraka kuliko sisi wote. Alishinda mara ya pili tu alipocheza, akashinda tena, na tena. Mimi nilihesabu waongoza njia wake, nikapekua fungu lake mchezo ulipoisha, sikuona cha ajabu. Jambo pekee lilikuwa kwamba kila akitaka kuvuta alikuwa analisogeza fungu karibu na uso, akavuta pumzi.

"Pole, mama," nikamwambia. "Mafua?"

"Baridi hii, baba. Baridi."

Mke wangu ndiye aliyegundua. Aliinua kadi moja ya mwanzo, akainusa: moshi. Akainua ya nyongeza: vanishi ya fundi. Akanitazama. Kisha tukamtazama mama wa kwaya, ambaye alikuwa amelishika fungu lake puani na ameshajua, kabla ya kuvuta, kwamba kadi ya juu ni ya nyongeza, wala si kuni, hivyo inafaa kumcheza mwongoza njia.

"Unanusa," mke wangu akamwambia.

"Mungu amenipa pua," mama wa kwaya akajibu. "Niifunge?"

Mama mkwe alisema neno la Kiluguru ambalo mke wangu hadi leo amekataa kunitafsiria. Kisha akaanza kucheka, mwenzake akafuata kwa ile sauti nene, na kuku waliokuwa wamejikunyata mlangoni wakatoka nje. Tulijaribu kutunga sheria. Mke wangu alitaka kila mtu avute kadi akiwa ameziba pua. Tulicheza hivyo raundi moja, watu wazima wanne, pua zimebanwa kwa vidole, tukizungumza kama bata, na hakuna aliyeweza kumaliza zamu yake.

Mwishowe nilifanya jambo la pekee lililobaki. Nilipanda kwenye ngazi ya jikoni na kuzitandaza nyongeza zote darini, juu ya moshi, kadi moja moja, kama mtu anayekausha dagaa. Mama mkwe alikuwa chini ananielekeza niweke nani karibu na nani. Nilimweka nguruwe pori mbali na mbuzi bila kuambiwa. Tukaziacha huko mpaka Jumamosi nyingine, na jioni tukashuka mjini na sanduku lisilo na kadi, kabichi mbili ndani yake, mke wangu akicheka peke yake dirishani kila gari lilipokata kona.